Yai la Kibaigwa

Kibaigwa, upande wa soko la mahindi,
malori yanapozimwa usiku na kubaki yakihema,
nina banda la bati, kopo la nyeupe, kopo la nyeusi,
na yai nililolikata kwenye boksi la sabuni.

Kazi yangu ni yai.
Nalibandika kwenye bodi ya nyuma, napaka nyeupe,
nasubiri jua la Ugogo, ambalo halijawahi kuchelewa,
kisha nachora: E, A, T.
Elfu nane. Ukinililia, sita.

Bila hilo, anasema Mughenyi, dereva wa Singida,
pale Rusumo wanakuweka pembeni uhesabu mawe.
Namba ya gari inasema wewe ni nani.
Yai linasema wewe ni wa nani.

Banda niliachiwa na mjomba, marehemu Chedego.
Yeye aliianza T ikiwa ya Tanganyika.
Nchi ikaolewa, ikapewa jina jingine,
herufi ikakaa palepale kama mkwe asiyeambiwa kitu.
"Bahati," alisema, "ningekata boksi jipya."

Sasa juzi
mwanangu Ndahani, darasa la tatu,
katoka shule na Kiingereza kibichi mdomoni,
kasimama nyuma ya lori la Mughenyi, magunia mia tatu,
akafuata kwa kidole rangi ambayo haijakauka:
"Mama, umeandika KULA."

Nikacheka hadi brashi ikateleza,
mguu wa A ukarefuka kama wa korongo.
Mughenyi naye akacheka, akashika tumbo:
kumbe miaka yote hii anavuka mipaka akikaribisha watu mezani!

Halafu kicheko kikaniishia.

Magunia yale, manne yalikuwa yangu.
Niliyauza mwezi wa sita, ada ya shule haingoji bei.
Mwezi wa kwanza nitayanunua tena, debe kwa debe,
kwa mtu ambaye hajawahi kushika jembe.
Na bibi yake mama, walipotaja njaa ile kubwa, Mtunya,
alikuwa hasemi neno. Anafunika chungu tu.
Waliloweka ngozi walizolalia, ndivyo nilivyosikia,
wakazichemsha siku nzima.

"Siyo kula," nikamwambia mtoto. "Ni jina la nchi yetu tukiwa mbali."
"Na tukiwa karibu?"
Nikasema nenda kanunue chumvi.

Mughenyi akaondoka alfajiri, kuelekea Dodoma, Bahi, Manyoni,
na ule mguu wa korongo, sikuufuta.
Alikataa nirekebishe. "Acha," alisema,
"kule watajua hili lilichorwa na mtu."
Akanisimulia, mguu mmoja tayari kwenye ngazi,
jinsi alivyolala siku tatu ng'ambo, ekseli imekatika,
simu imekufa, lugha ya watu haijui,
hadi mwanamke mmoja alipoliona yai akapiga yowe:
alikuwa wa Mpwapwa, ameolewa huko miaka kumi na tisa.
Alileta ugali. Alileta na mlenda.
Alikaa chini kwenye kivuli cha tairi
akamtazama anavyokula, akauliza bei ya uwele,
akauliza kama reli bado inapiga honi usiku,
akalia kidogo, akaondoka na bakuli lake.

Wiki ya tatu lori likarudi, tupu,
limepakwa tope jekundu lisilo la kwetu.
Nikachukua kitambaa, nikafuta kwa mate na maji:
E ipo. T ipo. A na mguu wake.
Chini yake, kwenye ufa wa bodi,
punje zilizokuwa zimenasa zilikutana na mvua za Rwanda
zikatoa majani mawili, matatu,
membamba, ya kijani, yakitetemeka injini ikiwa imezimwa.

"Mama," Ndahani akasema, "imeota."

Kwetu mvua ilikuwa bado.